Hakuna Aliyempita

Kaplong,
14 Mei 1995

Ndugu yangu Kipkosgei,

Chamgei! Nakusalimu kutoka nyumbani kwangu. Hebu soma tena hapo: nyumbani kwangu. Nimeyaandika maneno hayo, nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu jikoni mpaka kuku wakatoka nje. Kipkosgei, kuolewa ni kuzuri! Hakuna aliyeniambia. Waliniambia habari za kuni na maji na mama mkwe, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu atakayerudi jioni ananuka majani mabichi ya chai, avue viatu mlangoni, aseme, "Edinah, leo nimekuwaza tangu Silibwet mpaka kiwandani." Huyo ndiye Kipkirui wangu. Wenzake wa kwenye lori wanamcheka kwamba siku hizi anaimba akiendesha. Acha wacheke.

Huku tu wazima. Mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Mama ni mzima pia, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Habari za kwetu ninazipata kwa Kipkirui, maana kuanzia mwezi huu lori lake limepewa njia ya Silibwet na anapita kwenye kituo ambapo Baba anapimiwa majani. Mimi mwenyewe siwezi kwenda. Unajua Baba anavyoshika desturi: bi harusi hakanyagi tena boma la kwao mpaka baba yake amwite na kumwonyesha ndama wake. Bado sijaitwa. Nangoja kwa heshima, lakini ninakumbuka kwetu.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita Baba alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema mtoto wake amechaguliwa timu ya chuo kikuu na atakimbia msimu mzima. Watu walipiga makofi. Juzi kituoni alimwambia Kipkirui, mbele ya wakulima wote, "Ukiona kijana anakimbia na barabara inanyooka yenyewe, jua huyo ni wangu." Kipkirui alivua kofia akasema, "Ndiyo, Baba." Angesema nini kingine? Mkwe mpya hambishii baba wa mke wake.

Ndugu yangu, mimi ndiye niliyewasomea barua yako kabla ya harusi. Uliandika, "Nitakimbia msimu mzima." Hukuandika utakimbia umeshika nini mkononi, yale uliyoninong'oneza mimi tu. Utamwambia lini?

Dada yako anayekupenda, na shemeji yako anakusalimu sana,
Edinah

*

Njoro,
27 Mei 1995

Dada Edinah,

Salamu kutoka hosteli, ambako hatuna kuku wa kufukuza jikoni. Nimefurahi kusikia shemeji anaimba. Mwambie aangalie kona.

Mimi ni mzima. Mitihani imeisha, sina neno. Chakula ni kilekile, maharagwe yana wadudu wake na wadudu wana haki zao.

Umeniuliza nitamwambia lini. Acha nikueleze vizuri, halafu uone mwenyewe. Nilikuja hapa na viatu vya misumari alivyoninunulia Baba, na mwaka wa kwanza nilikimbia kwelikweli. Siku moja kocha wa raga alinipita uwanjani akaniuliza, "Wewe, ukikimbia na mtu akikufuata kukukamata, utapunguza au utaongeza?" Nikasema sijui. Akanipa mpira nijue. Niliongeza, Edinah. Tangu siku hiyo sijawahi kutaka kukimbia mbio ambazo hakuna anayenifukuza. Ninacheza winga, yule wa pembeni kabisa. Kazi yangu ni kungoja, kudaka, na kwenda. Ukifika nyuma ya mstari wao na kuuweka mpira chini, hiyo ni trai, na watu wanakurukia mgongoni kwa furaha.

Nahodha wetu ni Opondo, mtoto wa Kericho. Mama yake Loice anachuma chai kwenye estate, naye amekua na watoto wa Kipsigis mpaka anaongea lugha yetu vizuri kuliko wewe. Uwanjani ananipigia kelele kwa Kikipsigis ili watu wa Nairobi wasielewe. "Labat!" anasema, yaani kimbia, nami ninakimbia. Tumeshacheza na vyuo viwili msimu huu na tumewapiga wote. Tukiendelea hivi, fainali ya vyuo vikuu itachezwa tarehe 22 Julai, na nadhani hutaamini wapi: Kericho, uwanja wa klabu katikati ya mashamba ya chai.

Kuhusu Baba. Aliponipeleka stendi siku ya kwanza alisema, "Soma, na ukimbie. Mpira ni wa watu wasio na mbio." Nikimwambia na akasema niache, nitaacha. Sijawahi kumkatalia Baba neno hata moja. Ndiyo maana sijamwambia.

Lakini mwisho wa Juni tuna mapumziko. Nitakuja nyumbani, nitakaa naye pale kwenye jiwe karibu na zizi, nimwambie uso kwa uso. Usimwambie mtu.

Ndugu yako,
Kipkosgei

*

Kaplong,
9 Juni 1995

Mpendwa Kipkosgei,

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, lakini maneno yote yalikuwamo na nimeyasoma mara nyingi. Nimekujivunia mpaka nimeshindwa kukaa. Ndugu yangu, winga! Nilimsomea Kipkirui tukinywa uji, akaniuliza, "Hawa wanaomfukuza, wanakuwa na rungu?" Nikamwambia hapana, mikono tu. Akafikiri kidogo akasema, "Afadhali." Kisha akakimbia kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji akiwa amebeba kabichi kwapani, ili aone inavyokuwa. Ninampenda mtu huyu kuliko ninavyoweza kuandika kwenye karatasi ya mistari.

Hapa kwetu hakuna jipya. Mama mkwe ni mwema. Ninafundishwa kutunza kibuyu cha maziwa kwa mkono wangu mwenyewe: nimekisugua, nimechoma mkaa wa mti wa senetwet, nimeusaga ndani mpaka kikawa cheusi na kunukia. Mursik yangu ya kwanza, maziwa hayo yaliyoganda kibuyuni, ilikuwa chungu kama dawa. Kipkirui aliimaliza yote akasema ni tamu. Alikuwa anadanganya, na machozi yalimtoka.

Kitu kimoja tu cha ajabu. Siku hizi siwezi harufu ya chai. Mimi, mtoto wa chai! Upepo ukitoka upande wa kiwandani ninafunga dirisha. Labda ni hali ya hewa.

Uje Juni kama ulivyosema. Baba akiyasikia kwa mtu mwingine itamuuma.

Edinah wako

*

Kaplong,
3 Julai 1995

Kipkosgei,

Mapumziko yamekwisha na hukuja. Sikupata barua wala salamu. Mama alikuwekea maharagwe mabichi uliyopenda, yamekauka. Salamu za watu wote baadaye; kwanza niambie u hai.

Na kuna jambo. Baba alimuuliza Kipkirui kituoni, "Kijana anakimbia wapi mwaka huu?" Kipkirui hajui kumficha mkwe wake kitu. Akasema, "Kericho, Baba, tarehe 22." Alirudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani ameshika kofia akasema, "Edinah, nimefanya nini?" Nilimwonea huruma, nikamwambia hajafanya kosa, ameulizwa na amejibu.

Baba anakuja Kericho. Anakuja na Mama na Shangazi Phyllis. Ameniagiza nitengeneze kibuyu cha mursik, kwa sababu mkimbiaji akimaliza wa kwanza hapewi soda, anapewa maziwa ya kwao. Ni mara ya kwanza Baba ananiagiza kitu tangu niolewe. Nililia kwa furaha, halafu nikakumbuka wewe, nikalia tena kwa sababu nyingine.

Niandikie upesi,
Edinah

*

Njoro,
8 Julai 1995

Dada,

Mimi mzima. Sikuja kwa sababu ya mitihani. Usishangae mwandiko, ninaandika nikiwa nimelala.

Tumefika fainali. Tutacheza na Nairobi.

Tafadhali mzuie Baba. Mwambie mbio zimeahirishwa, mwambie barabara ni mbaya, mwambie lolote. Si siku ya yeye kuniona hivyo, mbele ya watu, bila kuwa nimemwambia. Akiingia uwanjani na kuniita nitoke, nitatoka, Edinah. Katikati ya fainali nitatoka, na Opondo na wenzangu watabaki pungufu.

Kipkosgei

*

Kaplong,
14 Julai 1995

Ndugu yangu,

Nakusalimu wewe na bega lako. Usiniambie "bega gani". Mitihani yenu iliisha Mei, uliniandikia mwenyewe. Na mwandiko wako umelala chini kama chai iliyopigwa na mvua ya mawe. Hiyo ni kazi ya mkono wa kushoto, na mtu anayeangushwa akikimbia huangukia bega. Ulipovunja mkono darasa la sita uliandika hivyohivyo. Umeumia, ukaogopa Baba akuone umefungwa kitambaa shingoni kabla hujamwambia. Sikuulizi limepona vipi. Nakuuliza jambo moja tu: daktari amekuruhusu? Kama hajakuruhusu, usicheze, hata kama ni fainali ya dunia.

Baba sitamzuia. Nimefikiri siku nzima nikichuma mboga. Kama ni uongo, wa kwanza haukuwa uongo, ulikuwa ni kunyamaza tu. Huu wa mbio kuahirishwa utakuwa uongo kabisa, na utakuwa na jina langu. Aje aone.

Ila hutamkabili peke yako. Silibwet siruhusiwi kukanyaga, lakini Kericho si kwetu, na uwanja wa mpira si boma la Baba. Nitakuja. Kipkirui amekwisha azima pikapu ya jirani. Nitasimama kando ya Baba tangu mwanzo mpaka mwisho, na lolote atakalouliza nitamjibu mimi. Kibuyu kiko tayari, na safari hii hata mama mkwe amelamba kidole.

Kimbia tu. Mengine niachie.

Edinah

*

Kaplong,
25 Julai 1995

Ndugu yangu mpendwa, fahari ya mama yetu,

Sijui nianzie wapi kwa furaha. Mliondoka na basi la chuo kabla hatujaongea, na wewe ulikuwa unacheza, hukuona kilichokuwa kikitokea kwenye mstari. Acha nikuonyeshe.

Tulifika mapema. Baba alivaa koti lile la harusi yangu na kofia, na fimbo mkononi. Mimi na yeye tulisalimiana kwa mbali kidogo, kama wageni, lakini alitazama kibuyu, akaitikia kwa kichwa, nikajua amefurahi. Kisha akaanza kutafuta njia za kukimbilia. "Mistari ya mbio iko wapi?" akamuuliza Kipkirui. "Mbona imechorwa kukata uwanja?"

"Ndiyo, Baba," akasema Kipkirui, jasho likimtoka na baridi ile yote.

Mkaingia. Ninyi upande huu, wale wa Nairobi upande ule. Baba akakunja uso. "Mbio gani hizi watu wanaanza wakitazamana?"

"Ndiyo, Baba."

Halafu mpira ukaruka, ukaudaka wewe, na yule mtu mkubwa wa Nairobi akakubeba na kukutupa chini mbele yetu kabisa. Mama alifunika macho. Shangazi Phyllis akasema kwa sauti kubwa, "Mshenzi huyo, hana mama?" Na Baba, Kipkosgei, Baba aliinua fimbo akaanza kuingia uwanjani. "Wanamshika!" alikuwa anasema. "Refa! Wanamshika mtoto, unatazama tu?"

Hapo nilijua wakati wangu umefika. Nilisahau heshima ya bi harusi, nikamshika Baba mkono wa koti. Nikamwambia, "Baba, hizi si mbio. Ni mpira unaoitwa raga. Kipkosgei aliacha mbio mwaka jana. Alitaka kukuambia kwa mdomo wake akashindwa, kwa sababu ukimwambia aache, ataacha."

Hakunitazama. Alikuwa anakutazama wewe ukiinuka na kupangusa tope. Akauliza, "Hao wanaomshika, wanaruhusiwa?"

"Wanaruhusiwa, Baba."

"Nani amewaruhusu?"

"Ni sheria ya mchezo."

"Na yeye anajua wanaruhusiwa?"

"Anajua."

"Na bado anakimbia?"

"Bado anakimbia, Baba."

Akaishusha fimbo taratibu mpaka ikagusa majani. Mimi sikuachia lile koti. Kila mpira ulipokuja upande wako nilisikia mkono wake ukikaza. Nilikuwa nangoja akuite utoke. Jina lako lilikuwa mdomoni mwake, niliona midomo ikianza.

Na hapo ndipo mawingu yalipofunga na mvua ya mawe ikaanguka. Watu wa klabu wakakimbilia chini ya paa. Sisi tukabaki. Unajua Baba na mvua ya mawe. Jani moja la chai likitobolewa anaugua siku mbili. Siku hiyo mawe yalikuwa yanaruka kwenye kofia yake na hakusema neno moja juu ya chai. Opondo akatoka kwenye lile rundo la watu, akakurushia mpira, akapaza sauti, "Labat!"

Baba aligeuka kama mtu aliyeitwa. "Nani huyo anaongea lugha yetu?" Lakini hakungoja jibu, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaondoka. Ulikuja ukiambaa na mstari, upande wetu, uso umejaa tope, na yule mkubwa nyuma yako, na mwingine mbele yako. Kipkosgei, uliongeza! Niliona kwa macho yangu. Na Baba yetu, mzee wa kanisa, arap Maritim mwenyewe, alininyang'anya mkono wake akaanza kukimbia kando ya mstari sambamba na wewe, koti likipepea, akipiga kelele, "Labat! Labat!" Sauti yake ilimshinda Opondo. Ulipoanguka na mpira nyuma ya mstari wao, yeye pia alianguka, kwa utelezi, na aliinuka anacheka. Mama alisema hajamwona akicheka hivyo tangu ulipozaliwa. Shangazi Phyllis alipiga vigelegele mpaka akapoteza kitambaa cha kichwa.

Mwisho unaujua. Ule mkwaju wa dakika ya mwisho, na Nairobi wakawa wametupita kwa alama mbili. Niliwaona mmekaa kwenye matope, wanaume wazima mnalia, na Opondo amejifunika uso kwa shati. Mimi nikachukua kibuyu nikakificha chini ya shuka. Niliona aibu kwa ajili yenu. Nilidhani hakina kazi tena.

Baba akaniuliza, "Kibuyu kiko wapi?"

"Baba, wameshindwa."

"Nani ameshindwa? Mimi nilikuja kumtazama mtoto wangu akikimbia. Nani amempita?"

Akamgeukia mume wangu. "Kipkirui. Wewe una macho ya dereva. Kuna mtu uliyeona amempita?"

Na Kipkirui, ambaye tangu harusi hajamwambia Baba kitu kingine isipokuwa ndiyo, akavua kofia kwenye mvua ile akasema, "Hapana, Baba. Hakuna aliyempita."

"Basi leteni maziwa."

Kilichofuata ulikiona mwenyewe. Lakini hukujiona unavyoonekana ukinywa, na midomo myeusi ya mkaa, na Baba ameshika kibuyu kwa mikono miwili kama kwa mtu mzima. Nami niliona alipokupitishia kiganja begani, pale palipofungwa. Kiganja kilikaa hapo kidogo. Na alipompa Opondo, na Opondo akasema, "Kongoi, asante, Baba, mimi nimenyonya hii tangu estate," Baba alicheka tena. Hata yule mkubwa wa Nairobi alipewa, kwa sababu Baba alisema aliyemfukuza mtoto wake namna ile amefanya kazi na ana kiu.

Usiku huo Kipkirui aliimba njia yote mpaka Kaplong. Mimi niliegemea bega lake nikafikiri, katika dunia nzima hakuna mwanamke aliye na mume kama huyu na ndugu kama wewe kwa mwaka mmoja.

Lakini Baba hajasema neno juu ya msimu ujao. Alipanda gari akaenda. Wewe amekuambia chochote?

Dada yako anayekujivunia,
Edinah

*

Njoro,
6 Agosti 1995

Dada yangu Edinah,

Salamu nyingi, na leo ni kwa mkono wa kulia. Daktari alikuwa ameniruhusu, kwa hiyo lala salama. Maharagwe ya hosteli hayajabadilika. Kibuyu chako ninacho, kinaning'inia ukutani karibu na viatu vya misumari. Onsongo, mwenzangu wa chumba, alitaka kukiosha kwa sabuni, nikamkamata kiunoni na kumwangusha kitandani. Sasa anajua vibuyu havioshwi kwa sabuni.

Barua yako nimewasomea wenzangu yote, hata mahali Baba alipoanguka. Wamesema msimu ujao apewe jezi.

Umeuliza kama Baba ameniambia chochote. Pale Kericho hakusema. Alinishika mkono tu, akaenda. Nilirudi huku nikiwa sijui kama nimeruhusiwa au nimesamehewa tu kwa siku moja. Nimekaa hivyo wiki mbili nzima, viatu vya raga viko chini ya kitanda, sivigusi. Jana barua yake imefika, ameandikiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Ni fupi, nainakili yote:

"Mwanangu. Mvua ya mawe ilipiga chai kidogo, itachipua. Nimewaeleza watu kanisani nilichokiona. Nimewaambia zile ni mbio ambazo watu wanaruhusiwa kukuzuia, na kwamba hizi zetu nyingine ni rahisi. Niambie mapema msimu ujao unaanza lini ili nisipange kupogoa chai wiki hiyo. Yule mkubwa bado namkumbuka. Safari nyingine mpite kushoto, mguu wake wa kushoto ni mzito. Na mwandikie dada yako. Mwambie alinishika koti vizuri. Ndama wake anamngoja, aje na mume wake."

Basi nimekuandikia. Umeitwa, Edinah. Nenda kwenu.

Na ukifika, Mama akikuwekea chai mbele yako nawe ukafunga pua, usimwambie ni hali ya hewa. Mimi ni mwanaume na niko mbali, lakini si mjinga. Mwambie Kipkirui aendelee kufanya mazoezi na ile kabichi, atahitaji kujua kubeba kitu bila kukiangusha.

Kibuyu sikitumi kwa posta. Siku mtakaponiita nimwone huyo mgeni wenu nitakileta mwenyewe mpaka mlangoni kwako, mbio, na ninyi wekeni watu njiani wanizuie wakiweza.

Ndugu yako, winga,
Kipkosgei